Kamera ya Kumpigia Picha Mama Mkwe

Hapa Kasulu wapiga picha wapo wengi, sikatai. Wapo wenye studio zenye pazia la maua, wapo wanaozunguka kwenye harusi na mahafali wamening'iniza kamera mbili shingoni kama kengele za ng'ombe. Lakini anayepiga picha ameinamisha kichwa, kamera iko tumboni, macho yanatazama chini kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka, ni mmoja tu, na ni mimi. Wageni wakiniona huniuliza nimeangusha nini. Nawaonyesha picha, wananyamaza.

Nimeombwa mara nyingi nieleze nilikotoa mtindo huu. Nimechoka kueleza kwa mdomo, kwa hiyo naandika. Shule niliishia darasa la nne, basi msomaji akikuta sentensi imekaa upande aisukume kidogo iendelee na safari. Ila kuna mambo mawili ambayo sihitaji kusukumwa na mtu: maharage na kamera.

Maharage ndiyo yaliyonilea. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu sokoni, nikaja nikawa nanunua debe moja moja Nyakitonto kwa baiskeli, na leo nina ghala langu lenye bati jekundu, na malori yakija kutafuta mzigo, madereva wanaulizia kwangu kwanza. Sikurithi hata jembe. Sisemi hivi kwa kujisifu. Na hata kama ni kwa kujisifu, niliyoyafanya nimeyafanya.

Kamera ya kwanza niliinunua kwa ajili ya hayo hayo maharage. Simu niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ikipiga picha unaona ukungu na rangi ya udongo, na wanunuzi wa mbali walitaka kuona mzigo kabla ya kuufuata. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye duka la redio, saa na betri, Mwislamu mwenye ndugu zake Tanga wanaomletea vitu kwa basi, akaniuzia kamera ndogo ya kuingia mfukoni. Nikawa napiga maharage. Maharage ndani ya gunia, maharage kwenye kiganja, maharage juu ya mizani.

Asubuhi moja nilikuwa Muyama, mkulima ameanika maharage ya njano kwenye turubai mbele ya nyumba yake. Bondeni chini ukungu ulikuwa haujaondoka. Jua likachomoza likiwa chini kabisa, na kila punje ikatoa kivuli chake, kila punje na chake, turubai zima. Nikachuchumaa nikapiga. Picha ile sikumtumia mnunuzi yeyote. Niliiweka, nikawa naiangalia nikiwa peke yangu ghalani, na mtu akiingia naificha kama barua ya mapenzi.

Basi ugonjwa ukaingia hapo. Nikawa napiga kunguru juu ya paa la msikiti, akina mama wanaotoka sokoni na mikungu ya ndizi, mvua ikija kutoka upande wa milima, vumbi jekundu nyuma ya pikipiki. Watu wakaniuliza nani ananilipa. Nikawaambia hanilipi mtu. Wakacheka, wakasema mfanyabiashara kama mimi kufanya kitu cha bure lazima kuna siri. Siri ilikuwa kwamba nilipenda, na pia kwamba nilikuwa najua. Mtu akijua kitu, mkono unawasha.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mke wangu kwao ni kijijini, nje ya mji wa Kibondo. Baba yake alipofariki, walitafuta picha yake ya kuweka juu ya meza siku ya mazishi. Hakukuwa na picha. Iliyokuwepo ni ile ya kitambulisho tu, ndogo kama ukucha. Wakaipeleka mjini ikakuzwa, ikarudi ukungu wenye masikio mawili. Watu walipita mbele yake wakiinamisha vichwa kwa heshima, lakini mke wangu alisimama pale akaniambia kwa sauti ndogo, "Hata angekuwa baba wa mtu mwingine nisingejua."

Tukarudi nyumbani, siku kadhaa zikapita. Kisha akiwa anamenya ndizi jikoni akaniita.

"Baba watoto."

"Naam."

"Wewe unapiga picha hadi za kunguru."

"Nazipiga vizuri."

"Mama yangu hana hata moja. Kifua kinambana, kila masika yakija anabaki kitandani. Akienda kama baba alivyokwenda, nitawaonyesha nini wajukuu zake? Masikio?"

Nikamwambia asijali, mume wake ndiye bingwa. Yeye akaniangalia tu, kwa sababu alijua nilichokuwa nimesahau.

Kwa watu wa upande wao, wale wa zamani, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, na mama mkwe naye hamtazami mkwe wake. Vijana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja wanaangalia tamthilia. Sisi hapana. Ukifika kule unasalimia ukiwa umeinama, viganja unavipiga taratibu, unakaa ubavu ubavu, na mazungumzo yanapitia kwa mtu wa tatu hata kama mnasikiana vizuri kabisa. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mingi, tumezaa, tumejenga, na mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu tu. Kandambili za bluu. Kidole kidogo cha kushoto kimempanda mwenzake. Visigino vigumu vya mtu aliyelima mteremko maisha yake yote. Mngenipangia wanawake wa Kibondo wote nyuma ya pazia miguu ikiwa nje, ningemtoa mama mkwe wangu bila kubahatisha. Usoni ningepita nisimjue.

Msomaji atauliza kwa nini mke wangu asimpige mama yake mwenyewe kwa simu. Alimpiga. Mara zote mama aliganda, mikono imenyooka ubavuni, mdomo umefungwa, macho yametoka kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Na jikoni kwake ni giza, picha zikikuzwa zinakatika vipande vipande kama vigae. Wakamshawishi aende studio Kibondo mjini. Alikwenda, akakalishwa kwenye kiti kirefu, kijana akamwambia, "Bibi, inua kidevu. Cheka." Kisha akamwashia flashi usoni. Sasa watu wa kule na radi wanajuana, radi imeua ng'ombe na watu. Mama aliruka kwenye kile kiti, akachukua mkoba wake akatoka. Kufika nyumbani akasema, "Mtoto wa watu ananiamuru nicheke. Kuna nini cha kuchekesha? Halafu ananipiga radi."

Kazi ikarudi kwangu.

Nikasema nitanunua kamera inayolingana na heshima ya mama mkwe. Kamera yangu ndogo ilikuwa ya kupigia maharage, si ya kumpigia mkwe. Hapo ndipo nilipofanya kama wanavyofanya wanunuzi wasioijua kazi, nikanunua ukubwa. Nilikuta kamera nyeusi, nzito, lenzi yake ndefu kama chupa ya chai, yaani ukiivaa shingoni watu wanakupisha njia. Haikuwa na mambo ya kuangalia kwenye kioo wakati wa kupiga. Unaweka jicho kwenye kitundu, jicho la pili unafumba, unapiga. Muuzaji aliniambia ina megapikseli nyingi. Nikaitikia kama mtu anayezijua.

Tukaenda Kibondo na mke wangu. Niliona niende mbali kidogo, nisimame pembeni ya mgomba, lenzi ndefu imfikie bila mimi kumsogelea. Kwa hesabu zangu umbali ulikuwa ndiyo adabu. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa jiko anapepeta maharage kwenye ungo. Alikuwa ameambiwa na amekubali, ila hakuambiwa kamera inafanyaje kazi, maana mimi mwenyewe sikuona cha kueleza. Nikainua ile kamera, nikaweka jicho la kulia kwenye kitundu, la kushoto nikalifumba.

Nikaona kandambili za bluu zinasimama. Nikaona ungo unaanguka. Nilipoishusha kamera, mlango ulikuwa umefungwa na maharage yametapakaa uani.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa amekaa kwenye benchi anatengeneza mpini wa jembe. Akapuliza vumbi la mti.

"Shemeji."

"Ndiyo, shemeji."

"Umemkonyeza mama."

"Sikumkonyeza. Nilifumba jicho ili nione."

"Hata wahuni wa stendi hufumba ili waone."

"Shemeji, ndivyo kamera ilivyo. Jicho moja linachungulia, jingine linapumzika."

"Basi lingepumzikia Kasulu," akasema, na akaendelea na mpini wake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Kutoka ndani ikaja sauti ya mama mkwe, imepanda, imetulia, ikipitia kwa mke wangu kama kawaida. "Mwanangu, mwambie mkwe wangu nimemsamehe. Lakini akirudi na lile jicho, asirudi."

Mke wangu hakunisemesha njia nzima hadi tunaingia Kasulu. Nilijua hakuwa na hasira ya kukonyeza. Alikuwa anaona masika yanakuja, na sasa mama yake hataki kusikia neno kamera. Na habari zilitutangulia. Wiki iliyofuata mpima mizani sokoni aliniuliza kama kwenye ukoo ule kuna mama mkwe mwingine mzuri mzuri. Nilimwachia mzigo wake nikaondoka. Mimi, niliyekuwa natambia kila mtu picha zangu, nikawa mtu aliyemkonyeza mama mkwe.

Nataka ieleweke: kosa lilikuwa la kamera. Mimi nilikuwa na adabu zangu zote. Kamera ndiyo ilinilazimisha nisimame wima nimkodolee mtu jicho moja. Nilipolifahamu hilo, nikajua dawa iko wapi.

Nikarudi kwa yule mzee wa duka la redio. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akavua kofia akajipepea nayo.

"Bwana Maharage," akasema, "wewe hutafuti kamera kubwa. Unatafuta kamera yenye adabu."

"Unayo?"

"Ninazo tatu, zimetoka kwa mpwa wangu. Zimetumika. Ya adabu sijui ni ipi, chagua mwenyewe."

Hapa sasa ndipo penye kazi yangu. Maharage hununui kwa kuangalia gunia usoni. Mkulima mjanja anaweka punje nzuri juu, za ukungu katikati. Sisi tuna bambo, kile chuma kilichochongoka chenye mfereji. Unalichoma gunia ubavuni, unavuta punje za katikati, unazitia mdomoni unang'ata. Ikikatika kwa kishindo ni kavu. Ikiacha alama ya jino ina maji, utaoza nayo. Nilipokuwa nanunua ile kamera nzito nililitazama gunia. Safari hii nikachoma bambo.

Kwanza nikapiga picha ukuta mweupe wa duka, kisha anga, nikazikuza picha kwenye kioo nione kama kuna madoa. Moja ilikuwa na madoa kama punje zilizotobolewa na wadudu. Ndani yake kulikuwa na vumbi. Nikaiweka pembeni. Nikafungua mlango wa betri wa ya pili. Chuma kilikuwa na ukungu wa kijani. Kamera hiyo ilikuwa imelala mahali penye unyevu, na lenzi yake ukiielekeza kwenye mwanga ulikuwa unaona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Ukungu ukishaingia kwenye lenzi ni kama ukiingia kwenye maharage, huutoi. Pembeni.

Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, imekwaruzika, mkanda wake umekatika. Nikaipeleka stoo ya mzee, kule nyuma kwenye maboksi, ambako paka wake mweusi analala. Nikampiga paka mweusi gizani, bila flashi. Nikamwona ndevu moja moja. Watu wanauliza megapikseli; mimi siku hizi namuuliza muuzaji kama ana paka mweusi.

Na wakati naigeuzageuza kuangalia kama imepasuka, kioo chake cha nyuma kikatoka. Nikadhani nimeivunja. Kumbe kina bawaba, kinafunguka kama kidirisha. Unakivuta, unakilaza kikatazama juu, kamera unaishika tumboni, na unachokiona mbele unakiona ukiwa umeinama. Nikasimama katikati ya duka, kichwa chini, kidevu kifuani, nikamwona mzee mzima mzima kwenye kioo, kofia mkononi, bila kumtazama.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nimeinamia mama mkwe," nikasema. "Funga hii hii."

Bei sitaji. Niliipunguza.

Nikajifunza kwa wiki kadhaa. Nilikuwa natembea sokoni kamera iko kwenye kitovu, kichwa chini. Mwanzoni nilikata watu vichwa, nikapiga anga, nikapiga tumbo langu. Kisha mkono ukaelewa. Na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Mtu ukimwinulia kamera usoni anaganda, kwa sababu umemkodolea. Ukiwa umeinama mbele yake kama unamsikiliza, ukiongea naye mambo yake, anabaki alivyo. Muuza dagaa alinipigia kelele za bei mdomo wazi, mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine alikuwa anakula embe kama mtoto, na wote walijua napiga, na hakuna aliyeganda. Picha zangu za zamani nilizitazama upya nikaona watu wote wamesimama kama nguzo. Nilikuwa nadhani ndivyo watu walivyo.

Mke wangu nilimwonyesha picha yake mwenyewe, anacheka na jirani kwenye kamba ya nguo. Aliiangalia, akakifuta kioo kwa kanga, akaiangalia tena.

"Ulinipiga lini?"

"Ulipokuwa unaniona nimeinama, ukaniambia shingo yangu itapinda."

Akaenda kupiga simu kwao. Nilimsikia anaeleza kwa Kiha, anaeleza, anacheka, anaeleza tena. Alirudi na jibu. Mama amesema, kama mkwe wake atafika ameinama, atakaa ameinama, na ataondoka ameinama, basi hicho kioo chake hakimhusu yeye. Kioo ni kitu cha kutazama. Hata kwenye maji mtu humwona mkwe wake kwa bahati mbaya. Apige.

Tukafika Kibondo mchana, masika yananukia lakini hayajaanza. Nikasalimia uani, nimeinama, viganja polepole. Nikaziona kandambili za bluu. Nikapewa kigoda, nikakaa ubavu. Shemeji alikuwepo kwenye benchi lake, na mpini mwingine wa jembe mkononi. Aliikagua kamera kwa macho, akasema, "Leo jicho limekuja dogo."

"Leo halifumbi, shemeji."

"Tutaona."

Mama alikaa pale pale mlangoni pa jiko, mwanga wa nje unampata upande mmoja, nyuma yake giza la jiko. Mke wangu alikaa katikati yetu, ndiye njia ya maneno. Nikafungua kidirisha, nikakilaza. Sikutazama bado. Nilitazama vidole vyangu kwanza. Nakiri mkono ulikuwa na jasho, na mimi nimewahi kusimama mbele ya madalali wa mikoa mitatu bila jasho.

Kisha nikatazama kwenye kioo.

Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Nilikuwa nimempa, kichwani mwangu, uso mpana mkali. Uso wenyewe ulikuwa mdogo, umekunjamana vizuri, na paji la uso la mke wangu lilikuwa pale, na kidevu cha binti yangu mkubwa kilikuwa pale. Nilikuwa naishi na vipande vya uso ule nyumbani kwangu miaka yote. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameganda. Alijua napiga, na studio bado ilikuwa mwilini mwake.

Sikubonyeza. Nikaona ungo magotini pake, ana maharage anayachambua. Nikasema kwa mke wangu, lakini kwa sauti ya kufika, "Muulize mama, hayo maharage ameyavuna kwake?"

"Mwambie mkwe wangu ndiyo. Ya shambani kwangu."

"Mwambie mama, kwa jinsi yanavyolia kwenye ungo, hayajakauka. Mimi nisingeyanunua."

Shemeji akaacha mpini.

"Mwambie mkwe wangu," mama akasema taratibu, "mwaka juzi alituletea gunia la maharage kutoka kwenye ghala lake. Tulipika asubuhi tukala jioni. Mengine tuliyatoa kwenye sufuria yakiwa vile vile tulivyoyatia, kwa sababu yalikuwa mawe."

"Mwambie mama yale yalikuwa daraja la kwanza."

"Mwambie kweli yalikuwa daraja. Hata gari lingepita juu yake."

Na akacheka. Alicheka kwa utani wake mwenyewe, kama wanavyocheka watu wenye akili, kichwa kimeegemea mwimo wa mlango, jino moja halipo, mkono umebaki hewani na punje za maharage mbili tatu vidoleni. Mke wangu naye alicheka, shemeji alicheka akapiga benchi. Mimi nikabonyeza. Nikabonyeza tena wakati anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na tena alipokuwa anamtazama binti yake.

Hakukuwa na radi. Kamera hii hata mlio wake ni wa adabu.

Nikaifungua picha, nikampa mke wangu bila kuinua kichwa. Aliishika kwa muda mrefu mpaka nikadhani nimemkata mama kichwa. Kisha kandambili za bluu zikasogea karibu na viatu vya mke wangu.

"Huyu ni mama yangu," mama mkwe akasema.

"Ni wewe, mama."

"Najua ni mimi. Nasema ni mama yangu. Sikujua nami nimefika umri wake." Akaongeza, "Na jiko langu linaonekana. Chungu kile kinaonekana. Huyu mtu kapiga giza."

Mke wangu alikuwa analia sasa, kimya kimya, kile kilio cha kushusha pumzi. Shemeji alikuja akaangalia juu ya bega la dada yake, akaangalia sana, akasema, "Shemeji, nafuta neno langu la stendi." Nikamwambia alifute mbele ya watu waliolisikia, likiwemo soko zima la Kasulu. Akakubali.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa tayari najipanga kurudi nyumbani kama mshindi. Mama akasema, "Mwanangu, muulize mkwe wangu. Hicho kidude kinapiga watu wote, au kinapiga wakwe tu?"

"Mwambie mama kinapiga wote."

"Basi ajipige na yeye. Mimi huyu mtu ninamjua utosi. Tangu amwoe binti yangu ameniletea utosi. Nimeuona ukiwa mweusi, nimeuona unaota mvi, hivi karibuni nauona unapata uwanja. Sura yake siijui. Nikiulizwa mkwe wako yukoje, niseme ana utosi?"

Kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Miaka yote nilihesabu kwamba mimi ndiye ninayenyimwa uso. Haikunijia kwamba kule upande wa pili kuna mtu ananijua kwa kipara.

Nikageuza kinu cha kutwangia juu chini, nikaiweka kamera juu yake. Kile kidirisha kina upekee mwingine: ukikizungusha chote kinatazama mbele, unajiona kama kwenye kioo cha kunyolea. Nikatega ile saa ya kamera inayohesabu yenyewe, nikaenda kusimama ukutani, mgongo kwa jiko ili nisimkabili, nikainua kichwa. Kifua mbele, koti limefungwa. Nikakaza sura ya mwenye ghala.

Mama akapewa kamera. Akaitazama picha yangu kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama yake. Mimi nilikuwa nimeinama tena, naangalia kidole chake kidogo kilichompanda mwenzake.

"Ana uso mzuri," akasema hatimaye. "Mwanangu hukuniambia. Lakini mwambie ameganda."

Shemeji alicheka karibu aanguke. Bingwa wa kuwafungua watu midomo, mimi, nilikuwa nimeganda kama mtu wa kitambulisho.

"Arudie," mama akasema. Nikairudisha kamera juu ya kinu, nikatega saa tena, nikasimama pale pale ukutani. Mama akaongeza, "Na mwambie, yale mawe yake tuliyala yote. Hatukubakiza."

Hapo nikacheka, na ile saa ya kamera ilikuwa imeshatimia.

Picha hizo nilizisafisha Kigoma mjini, kubwa, karatasi nzito, fremu za mbao. Ya mama iko sebuleni kwangu Kasulu, mkabala na mlango. Mgeni akiingia kitu cha kwanza anachokiona ni mwanamke anacheka na giza la jiko nyuma yake, na kitu cha pili ni mimi nikimweleza nilivyoipiga. Mke wangu huifuta vumbi mwenyewe, haniachii. Shemeji zangu wote wamechukua nakala, na kila mmoja anadai yake ndiyo iliyotoka vizuri zaidi.

Masika yale yalimbana mama kifua, akalala, akaamka. Yupo. Nilikwenda tena juzi na gunia la maharage nililoling'ata mwenyewe punje kwa punje. Nikasalimia uani nimeinama, viganja taratibu, nikakaa ubavu kwenye kigoda changu. Kandambili siku hizi ni nyekundu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na pale ukutani nilijiona nimening'inia, nacheka, nimemtazama yeye usoni waziwazi kama mtu asiye na haya. Mama akamwambia binti yake amwambie mkwe wake karibu, na kwamba yule wa ukutani alikwisha kukaribishwa tangu asubuhi.

Sikuinua kichwa. Nilifungua tu kidirisha changu.